Kny. Mkurugenzi

Waraka Namba Saba ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa pini nne na makofi mengi. Ulitangaza kwamba Idara ya Miadi ya Matibabu inaingia rasmi katika Zama za Usafi wa Majina. Kuanzia siku hiyo, mtumishi aliyestaafu hataonekana tena kazini, kwa mwili wala kwa jina. Majina ya wastaafu yaliyosahaulika ndani ya kompyuta yatafungwa mara moja, na Awamu ya Pili itafuata, bila kumbagua mtu yeyote. Chini kabisa paliandikwa Kny. Mkurugenzi, na juu yake sahihi iliyojipinda kama waya wa redio.

Aliyewahi kupokea barua ya ofisi anazijua hizo herufi tatu. Kny. ni kwa niaba ya. Maana yake mwenye barua hayupo, lakini ametuma mkono wa mtu mwingine. Katika Idara hiyo, kwa miaka minane, mkono uliotumwa ulikuwa wa mama mmoja wa masijala, chumba kile cha kutunza mafaili, na kwa ajili hiyo kila mtu alimwita Bi Masijala. Alisaini likizo za watu, maombi ya viti, hata salamu za rambirambi. Alistaafu mwaka uliopita. Walimpa blanketi zuri, na hotuba iliyosomwa na dereva kwa niaba ya Mkurugenzi.

Siku mbili baada ya waraka, Bi Masijala akaletewa barua nyumbani. "Tunapenda kukuarifu," ilisema, "kwamba jina lako limestaafishwa kwa heshima zote."

Aliisoma mara mbili, akacheka mpaka miwani ikamteremka puani.

"Mzee wangu, sikiliza vituko. Mimi nimestaafu mwaka jana. Jina langu limestaafu juzi."

"Mwaka mzima lilikuwa wapi?" akauliza mumewe.

"Kazini."

"Basi lina bidii kukushinda. Wewe ulikuwa unachelewa."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani waliendelea kumwita Fundi ingawa cherehani ilikuwa imefunikwa tangu mwaka jana. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Mchana aliona dirisha, na mtu akisimama dirishani aliona kivuli. Wiki iliyopita alimshonea mkewe vifungo vya blauzi kwa kupapasa, vitatu vyeupe na kimoja cha kijani, naye Bi Masijala aliivaa vivyo hivyo mpaka sokoni. Walipomcheka alisema ndiyo mtindo.

Walichokuwa wakisubiri ni ujumbe wa simu. Hospitali ilipanga tarehe za upasuaji wa macho, ikapeleka orodha Idarani, na kila siku saa tatu kamili asubuhi kompyuta ya Idara iliamka yenyewe, ikaisoma orodha hiyo na kuwatumia watu ujumbe wa tarehe zao. Fundi alikwisha kuambiwa na muuguzi kwamba wake uko njiani. Sharti lilikuwa moja: ukikosa tarehe yako unarudishwa mwisho wa orodha, na mwisho wa orodha ulikuwa mwaka mzima mbele. Fundi hakulalamika. Alisema tu kwamba dirisha bado analiona, ila mwakani hana hakika nalo.

Kwa hiyo kila asubuhi simu iliwekwa mezani katikati yao, kama mgeni anayesubiriwa kuongea. Jumanne haikulia. Jumatano ikalia, kumbe ni jirani anatafuta ngazi yake. Alhamisi kimya, Ijumaa kimya. Jumatatu ya wiki ya pili Bi Masijala akamshika mumewe mkono wakaenda hospitali.

Muuguzi wa macho alimshika Fundi kiwiko tangu mlangoni, akamkalisha penye mwanga, kisha ndipo akaanza kueleza. Watu wachache hukumbuka kuanza hivyo.

"Mama, tunashangaa pia. Wiki nzima vitanda vimetandikwa, daktari anakaa anachonga penseli. Hakuna mgonjwa anayekuja, na orodha ya tarehe hatunayo tena, iko kwenu Idarani."

"Kwetu?" Bi Masijala alisema, na akaona haya, maana neno lile lilimfurahisha kuliko lilivyomtia wasiwasi.

Kesho yake, Jumanne, akavaa blauzi ya vifungo vya rangi mbili, akaenda Idarani peke yake. Getini alimkuta mlinzi yule yule wa siku zote. Mlinzi aliinuka, akafuta kiti chake kwa mkono wa shati na kumsogezea.

"Karibu mama. Kiti chako hiki. Ndani sikuruhusu, waraka umekataza mwili wako."

"Na jina?"

"Jina nalo. Lakini kivulini hapa waraka haujafika."

Bi Masijala akakaa, akajisikia mtu. "Mwanangu, nilisema au sikusema? Ofisi hii bila mimi haisimami. Vijana wa siku hizi hata kufunga faili kwa uzi hawajui. Wameiharibu kompyuta yangu."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti, na mlinzi aliyasikia, na baadaye angetamani mlinzi awe kiziwi.

Dada Waya alikuja getini akikimbia, bisibisi sikioni. Huyu ndiye fundi wa kompyuta wa Idara, mama wa watoto wanne, asiyeweza kupita penye waya uliolegea bila kuukaza. Alikuja na vikombe viwili vya chai, akampa Bi Masijala kile kisicho na ufa.

"Mama, tumekuwa tukikutafuta. Una wito. Unatakiwa kwenye Kamati."

"Kamati ipi tena?"

"Kamati ya Kuchunguza Ukimya wa Kompyuta."

Akamsimulia wakiwa pale pale. Jumanne iliyopita kompyuta ilipokosa kutuma ujumbe, Kamati iliundwa kabla ya saa tano. Dada Waya aliitwa mbele ya wajumbe tisa, akaambiwa aiamshe ile kazi ya saa tatu kwa mkono. Akabonyeza. Kioo kikaandika IMEKAMILIKA, ujumbe uliotumwa: mmoja. Wajumbe wakapiga makofi. Kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba tatizo limekoma kuwepo.

"Sasa si vizuri?"

"Vizuri gani, mama! Ujumbe ule mmoja ulikwenda kwa Mkurugenzi. Alipiga simu kutoka huko alikokuwa, anafoka: nani anataka kunipasua jicho la kushoto?"

Jumatano saa tatu, kimya. Dada Waya akabonyeza, ikafanya kazi, na Mkurugenzi akaitwa kupasuliwa jicho la kulia. Kamati ikajadili jambo hilo kwa saa nne. Ikaonekana dhahiri kwamba kompyuta hufanya kazi ikitazamwa na hukaa kimya ikiachwa peke yake, tabia ambayo wajumbe walikiri kuielewa vizuri. Wakateuliwa Watazamaji Watatu. Alhamisi wakakaa mbele ya kioo tangu saa mbili, wameshika magoti. Saa tatu ikafika, ikapita. Mmoja akaandika katika taarifa yake kwamba kompyuta iliona aibu.

"Nikawaambia," Dada Waya alisema, "si aibu. Nikibonyeza mimi, inafanya kazi kwa jina langu. Saa ikiibonyeza, inafanya kazi kwa jina lako. Ndivyo ilivyoandikwa tangu kompyuta isimikwe. Na jina lako wamelifunga."

"Jina langu? Miaka yote hiyo?"

"Miaka minane. Siku ya kuisimika niliuliza, nani yuko hapa kila asubuhi? Wakasema Mkurugenzi yuko safarini, Naibu yuko kikaoni, yupo Bi Masijala. Nikakuandika wewe."

Bi Masijala alishika kikombe kwa mikono miwili. Mwaka mzima, alipokuwa nyumbani akimwongoza mumewe kwenda bafuni, jina lake lilikuwa linaamka saa tatu kamili na kuwaita watu wakatibiwe. Machozi yakamlenga, na kiburi nacho kikapanda pamoja nayo, hata hakujua ameze kipi.

"Basi walifungue jina langu."

"Waraka unakataza. Ijumaa Mkurugenzi akaamuru kazi iwe kwa jina lake. Alisema kazi kubwa iendeshwe na jina kubwa. Jana ndiyo ilianza."

"Ikatuma?"

"Ikaandika IMEKAMILIKA. Ujumbe uliotumwa: sifuri. Kamati ikampongeza kwa kukamilisha."

Mlinzi akakohoa ili asicheke, kwa kuwa alikuwa kazini.

Mwili wa Bi Masijala ulipatiwa kibali cha saa moja, akaingizwa ukumbini. Wajumbe tisa walikaa upande mmoja wa meza ndefu. Kiti cha Mwenyekiti kilikuwa kitupu, na pembeni yake alikaa Katibu, mtu mpole mwenye kalamu tatu, akiongoza kwa niaba.

"Ndugu Shahidi," alisema Katibu, "kompyuta hii inamtii Dada Waya lakini inamwita mtu asiyeumwa. Inamtii Mkurugenzi lakini haimwiti mtu yeyote. Kamati inaelekea kuamini kwamba Dada Waya ameificha orodha, na kesho tunapendekeza asimamishwe kazi. Una la kuongeza?"

Dada Waya alikuwa amesimama ukutani. Kwa mazoea, mkono wake ulikuwa unakaza waya wa feni uliokuwa umelegea karibu naye. Alikuwa akiutengenezea upepo ukumbi uliokuwa ukimfukuza.

"Orodha inasomwa kutoka wapi?" Bi Masijala aliuliza.

"Kabati T, la ndani ya kompyuta," alijibu Dada Waya. "Ndiyo maelekezo ya kazi yenyewe: fungua kabati T, soma orodha. Mimi kwenye kabati T langu nina orodha ya majaribio tu, ina namba moja, ya Mkurugenzi, kwa sababu aliniambia nisimsumbue mtu mwingine yeyote kwa majaribio. Kabati T la Mkurugenzi ni tupu."

"Kwani makabati T yako mangapi?"

"Kila mtu ana lake, mama. Ukiingia kwa jina lako, T ni yako. Akiingia mwingine, T ni yake. Herufi ni moja, makabati ni mengi. Lakini orodha ilitakiwa ikae kwenye kabati la wote, kabati W. Kila siku hospitali inaileta masijala, na masijala inaiweka…" Alikuwa ameelewa, na kwa upole wake hakutaka kumaliza sentensi.

Bi Masijala naye alikuwa ameelewa. Alihisi masikio yanapata moto. Alikumbuka vizuri asubuhi ile, miaka minane nyuma. Alifundishwa dakika kumi namna ya kupokea orodha, akaambiwa, "iweke W," na mfundishaji akaenda kunywa chai. Aliitafuta W kwenye kioo, hakuiona. Aliiona T. Akajiambia, akiuliza watasema mama wa masijala hajui kusoma. Akamwomba Dada Waya, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, abadilishe maelekezo yasome T, "kwa sababu za kitaalamu." Na kila asubuhi, orodha ikaenda ikajaa kwenye kabati lake yeye, na hata alipostaafu iliendelea kujaa huko huko, kwa kuwa alikuwa ameipanga ijiendee yenyewe.

Angeweza kunyamaza. Vipo vikao vingi ambavyo mtu akinyamaza mzigo humwangukia mwingine, na yeye alikuwa amesaini kumbukumbu za vikao kama hivyo kwa mkono wake. Lakini alimfikiria Fundi ametazama dirisha, na akauona ule mkono kwenye waya wa feni.

"Andika, Katibu," alisema. "Orodha haikufichwa na Dada Waya. Nimeiweka mimi kwenye kabati langu miaka minane, kwa sababu sikujua W iko wapi na niliona haya kuuliza. Asubuhi ya leo nimemwambia mlinzi kwamba vijana ndio wameharibu. Hilo nalo liandike. Mharibifu ni mimi, na nilikuwa najisifu."

Mjumbe wa saba akainamia karatasi zake. Mjumbe wa tatu akauliza polepole, "Samahani, kwani W iko wapi?" Ikagundulika kwamba kati ya wajumbe tisa, saba hawakujua, na walikuwa wakiona haya kuuliza.

Dada Waya akasema ni kazi ya dakika kumi. Atafungua kabati la mama, ahamishe orodha W, ailekeze kazi huko, na aipe jina jipya ambalo si la mtu: jina lisilosafiri, lisiloitwa kikaoni, lisilostaafu. Ila kufungua kabati la jina lililofungwa kunahitaji sahihi ya Mkurugenzi.

"Nitasaini mimi, kny.," alisema Katibu kwa moyo mwema, akifungua kalamu ya pili.

Dada Waya akatikisa kichwa. Waraka Namba Saba, kifungu cha mwisho: kwa mkono wake mwenyewe. Katibu aliusoma, akakumbuka kwamba ni yeye aliyeuandika.

Kesho yake, Jumatano, saa mbili kasoro robo asubuhi, Bi Masijala alikuwa getini na karatasi ya Dada Waya mkononi, ili amwahi Mkurugenzi kabla hajaenda safarini. Alimkuta tayari. Alikuwa amesimama nje ya geti, suti ya kijivu, jasho shingoni, akipitisha kadi yake kwenye mashine. Mashine ilikuwa inamlilia taa nyekundu.

Awamu ya Pili ilikuwa imefanyika saa moja kamili. Kompyuta ilikuwa imeagizwa ifunge, bila ubaguzi, kila jina ambalo mwenyewe hajaketi na kuingia kwa muda wa siku tisini. Ilifunga majina manne. La kwanza, kwa mpangilio wa vyeo, lilikuwa la Mkurugenzi. Mlinzi alikuwa na karatasi iliyochapishwa: Mara ya mwisho kuingia: hajawahi. Watu wa Idara hawakushangaa. Kompyuta ya Mkurugenzi ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma miaka yote minane, na juu yake pana ua la plastiki ambalo mfagizi alilipangusa kila Ijumaa.

"Mimi ndiye Mkurugenzi!" alikuwa akisema.

"Ndiyo, mzee," alijibu mlinzi kwa heshima zote. "Ila utaratibu ni usaini hapa, nilinganishe na sahihi iliyo kwenye faili, ndiyo nikufungulie kwa mkono."

Mkurugenzi akasaini. Mlinzi akafungua faili, akalinganisha. Akageuza ukurasa, akalinganisha tena. Likizo, viti, rambirambi, zote zilikuwa na sahihi moja nzuri ya duara.

"Mzee, hii yako haifanani."

"Haifanani na nini?"

"Na ya Mkurugenzi."

Mkurugenzi alitazama barabara, akatazama viatu vyake. Foleni ya watumishi ilikuwa imeanza nyuma yake, na kila aliyefika alisema shikamoo mzee, akapitisha kadi, akaingia. Mlinzi alisita kidogo, kisha akafuta kiti chake kwa mkono wa shati na kumsogezea.

"Kaa kivulini, mzee. Jua hili si lako."

Akakaa. Akakutana uso kwa uso na Bi Masijala.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "wewe unanijua."

"Namjua," Bi Masijala akamwambia mlinzi. "Ni yeye. Sahihi zile zote nilizitia mimi, yeye hana kosa, hakuwepo." Kisha akamwekea karatasi gotini. "Na wewe nisaidie. Mume wangu haoni. Tarehe yake imo humu ndani, haijulikani ni lini. Sahihi yako tu."

Mkurugenzi akaisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, jambo ambalo mlinzi alisimulia baadaye kama ajabu. Akachukua kalamu. Mkono ukasimama juu ya mstari.

"Nianze na kny.?"

"Kny. ya nani, mwanangu? Mkurugenzi ni wewe."

Akasaini. Ilikuwa sahihi ya mtu anayejifunza, yenye herufi zote. Dada Waya aliipokea dirishani kwa mlinzi akakimbia nayo, viatu vikilia koridoni. Bi Masijala hakusubiri, akaharakisha nyumbani, akaingia mlangoni anahema.

Saa tatu kamili simu ikalia mezani.

"Soma," alisema Fundi, ameikunja mikono kama mtu aliye mbele ya fotografa.

"Upasuaji wa macho. Kesho Alhamisi, saa moja asubuhi. Njoo na mtu wa kukushika mkono." Akasita. "Imetumwa na: Bi Masijala."

Jina lisilo la mtu lililotafutwa ndilo hilo. Mlinzi ndiye aliyelipendekeza, kwa kuwa jina la utani halimo kwenye orodha ya wastaafu.

"Kumbe kazini bado upo," alisema Fundi.

"Nimechelewa wiki moja, baba. Nisamehe."

Wale waliopitwa na tarehe zao wiki ile, muuguzi aliwaita mmoja mmoja kwa simu yake mwenyewe, hakumrudisha mtu mwisho wa orodha.

Siku ya tisa baada ya upasuaji Fundi alitolewa bandeji. Kitu cha kwanza alichokitazama ni blauzi ya mkewe, akashtuka: "Nani amekutia kifungo cha kijani?" Kisha wakapita Idarani kushukuru. Mlinzi akaleta kiti. Fundi hakukaa. Alikwenda kwenye ubao wa matangazo, akausogelea, akarudi nyuma hatua tatu ajipime, akaanza kusoma kwa sauti.

"Waraka Namba Nane. Kufuatia ziara ya kikazi aliyoifanya Mkurugenzi getini, imeamuliwa kwamba kuanzia leo kila kiongozi ataingia kwa jina lake, na atasaini kwa mkono wake mwenyewe, bila kumtuma mtu."

"Haya, maendeleo," alisema Bi Masijala.

"Ngoja. Chini kuna maandishi madogo."

"Unayaona?"

Fundi akakaza macho yake mapya, akatabasamu.

"Nayaona vizuri kabisa, bibie. Kny. Mkurugenzi."